Habari za Marlys Thorvik na Kikapu Chekundu

Nipeni karatasi safi, isiyokunjwa wala kutobolewa kwa pini, mnipe na wino, na wino huo uwe mweusi, kwa maana wa buluu hukataliwa dirishani na mwenye nao hurudishwa mwisho wa foleni. Nikishapata hivyo viwili nitaketi, nitanyosha mgongo, nami nitawaandikia habari za vita vilivyopiganwa mjini Trenton, katika jimbo la New Jersey, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Agosti, vita ambamo hapakumwagika damu ila kahawa, na hiyo kahawa yenyewe ilikuwa kidogo. Mnaopenda habari za falme kuanguka, kazitafuteni kwingine. Sisi hapa tunaye Marlys.

Ni nani huyo Marlys? Ni Marlys Thorvik, binti Orville, mjukuu wa Torsten, wa ukoo ule wa wakulima waliotoka Norwei kwa kuikimbia baridi, wakavuka bahari, wakafika Minnesota, wakaikuta baridi ileile ikiwangoja, nao wasiseme kitu. Huyo ndiye jemadari wa darasa la pili, mtegua silabi, mfuta makamasi, asiyepaza sauti, ambaye kwa miaka ishirini na tisa katika mji mdogo wa Nordahl aliwashika mkono watoto wa watu akawavusha kutoka upande wa wasiojua kusoma hadi upande wa wanaojua. Mwenye duka la misumari, polisi wa mji, na hata daktari wa ng'ombe, wote hao waliwahi kufuata kidole cha Marlys mstari kwa mstari. Kule Nordahl hakuwa na haja ya kujieleza kwa mtu, na kwa sababu hiyo hakuwahi kujifunza.

Yafaa sasa niitaje sheria ya watu wake, maana bila hiyo hamtaelewa jinsi alivyoanguka. Kwao, mtu akikukaribisha kitu, mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unamwambia asijisumbue. Mara ya tatu ndipo unakubali, tena unakubali kidogo tu. Kipande cha mwisho cha keki hakiliwi: hukatwa nusu, na nusu hiyo hukatwa nusu, mpaka ibaki chembe ambayo hakuna mwenye uso wa kuitia kinywani. Anayekubali mara ya kwanza hasemwi vibaya. Hasemwi kabisa, na hilo ndilo baya zaidi.

Basi ikawa, bintiye Kari, aliyeolewa New Jersey, akajifungua mapacha. Akampigia mama yake simu, akasema, "Tunaendelea vizuri tu, mama, usihangaike." Marlys alipoyasikia maneno hayo alijua kwamba nyumba inawaka moto, kwani kwao hivyo ndivyo watu wanavyopiga yowe. Akauza nyumba, akaaga, akapakia gari.

Lakini jueni kwamba katika nchi ile mwalimu akivuka mpaka wa jimbo, ualimu wake hubaki mpakani. Jimbo jipya halimjui. Ni lazima alithibitishie, kwa karatasi, kwamba yeye ndiye yeye, na mpaka hapo atakapopewa leseni mpya ni mama wa watu tu mwenye sweta. Marlys alijifunga kwa ajili hiyo silaha tatu. Ya kwanza ilikuwa bahasha ya matokeo yake ya chuo, iliyobandikwa na kupigwa muhuri juu ya mdomo wake, *ikifunguliwa ni batili*. Aliiketisha kiti cha mbele, akaifunga mkanda, akaivusha majimbo matano mazima bila kuthubutu kuchungulia alipata ngapi katika aljebra. Ya pili ilikuwa barua ya mwalimu mkuu wa Nordahl, yenye kushuhudia kwamba hakuwahi kutoroka kazini wala kumpiga mtu. Ya tatu ilikuwa vidole vyake kumi, ambavyo vilibonyezwa juu ya kioo na kupekuliwa na serikali, vikaonekana havina hatia yoyote, jambo ambalo lilimpa fahari asiyoitamka.

Mwalimu mkuu wa shule mpya alikuwa Renee Costigan, mwanamke aliyezoea kuongea huku anatembea. Alimfungulia Marlys chumba namba tisa, akasimama katikati yake, akatoa hotuba.

"Darasa lako hili. Watoto kumi na sita, feni hiyo usiiguse, inarusha shoti. Nakutaka wewe, sina maneno mengi. Lakini leseni isipofika mezani kwangu Ijumaa ya wiki ijayo saa tisa alasiri, Jumanne yake shule ikifunguliwa namweka mtu mwingine humu, na wewe utakaa ofisini unatoa fotokopi mpaka mwaka uishe. Tumeelewana?"

"Nisingependa kukusumbua," akajibu Marlys.

"Hunisumbui. Lete karatasi."

Wiki hiyo ilikuwa na siku ya wazazi kuja kuliona darasa. Marlys alikuwa ameandika kadi kumi na sita za majina kwa mkono wake, akazibandika kila moja juu ya dawati lake, na watoto wakaambiwa watafute majina yao. Wakatafuta, wakakaa. Akabaki mmoja, Noelia Ocasio, miaka saba, aliyekuja na bibi yake, amevaa viatu vinavyowaka taa akikanyaga. Noelia alilipita dawati lake mara ya kwanza. Akalipita mara ya pili. Kisha akaenda dirishani akasimama kutazama nje kwa makini sana, na nje hapakuwa na kitu ila ukuta.

Marlys aliijua ile namna ya kutazama ukuta. Ameiona kwa miaka ishirini na tisa, na haijawahi kumwacha salama moyoni. Hakumwonyesha mtoto dawati. Alimsogelea, akainama, akamwuliza jina lake linaanza na sauti gani.

"Nnn," akasema Noelia.

"Basi twende tukaitafute hiyo nnn."

Walizunguka pamoja dawati kwa dawati, wakaipata, na mtoto akaweka kiganja chake chote juu ya ile kadi asije mtu akaichukua. Halafu akainua macho, akauliza, "Shule ikifunguliwa utakuwepo?"

Naye Marlys, mtegua silabi, akajibu kama walivyojibu baba zake wote, "Tutaona itakavyokuwa." Noelia akamtazama kwa namna watoto wanavyowatazama watu wazima wanaojiandaa kutokuwepo. Jibu lile lilimchoma Marlys tangu lilipomtoka, na aliondoka nalo.

Jumanne ya wiki iliyofuata, siku saba kabla ya shule kufunguliwa, akaingia ofisi ya leseni. Akachukua namba, akaketi, akangoja muda mrefu bila kulalamika, mpaka namba sabini na nne ikaitwa. Nyuma ya kaunta alikaa Yolanda Ferrante, mlinzi wa mihuri, miwani shingoni kwa mnyororo, ubani wa kutafuna shavuni, na kulia kwake na kushoto kwake vikapu viwili vya waya. Kikapu cha kijani kilikuwa cha mafaili yatakayosomwa baada ya wiki nane. Kikapu chekundu kilikuwa cha yale ya haraka.

Yolanda alizikagua zile silaha moja baada ya moja. "Kila kitu kipo, mama. Na bahasha hujaifungua! Hongera, wengi wanaifungua halafu wanakuja kunililia hapa." Akatazama fomu. "Shule yako inafunguliwa wiki ijayo? Nikutie kwenye cha haraka?"

Hivyo ndivyo milango ya ngome ilivyofunguka yenyewe, bila kondoo kuchinjwa wala mshale kurushwa. Na shujaa wetu akafanya nini? Akatabasamu, akasema, "Aa, usijisumbue. Bila shaka kuna wenye shida kuliko mimi."

"Sawa," akasema Yolanda, na faili likatua kikapu cha kijani. "Namba sabini na tano!"

Marlys hakuondoka. Alibaki amesimama palepale, mkoba kifuani, anangoja kuulizwa mara ya pili. Namba sabini na tano alikuja akamkuta, ikabidi apige kikumbo kidogo cha adabu. Hapo ndipo alipotambua kwamba swali lilishapita na halitarudi. Akamshukuru Yolanda, ndiyo, alimshukuru, akatoka nje, akaketi ndani ya gari bila kuwasha moto.

"Mama!" akasema Kari aliposikia, pacha mmoja begani na mwingine mkononi. "Amekuuliza mwenyewe, ukakataa?"

"Sikukataa. Nilimwambia asijisumbue."

"Hapa huko ndiko kukataa!"

"Nilidhani angeuliza tena."

"Hapa hawaulizi tena, mama. Hapa neno lako ni neno lako. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa na njaa nyumbani kwa kina Dom. Mama yake alinipakulia tambi, nikasema nimeshiba, akaondoa sahani! Nikaenda kulia chooni."

"Sisi tulidhani hupendi tambi," akasema Dom, mumewe, kutoka jikoni.

"Ukienda kwa wenye chongo, mama, na wewe fumba jicho. Rudi umwambie unataka. Basi. Maneno mawili."

"Na wewe je?" Marlys akauliza taratibu. "Uliponipigia simu ukaniambia nisihangaike?"

Kari akampangusa mtoto mdomo ambao haukuwa na kitu. "Ulikuja lakini," akasema mwishowe.

"Nilikuja."

Jumatano yote ilikuwa ya mazoezi ya kivita. Kari aliweka mezani keki ya mdalasini, akakata kipande, akakisukuma mbele ya mama yake. "Unataka keki?"

"Aa, nimeshiba, labda kama kuna—"

Sahani ikanyakuliwa. Dom akakila kipande.

"Unataka keki?"

"Kula wewe kwanza, mwanangu, mimi nita—"

Dom akala na hicho. Cha tatu kilikwenda njia hiyohiyo. Kwa kipande cha nne Marlys alikaza mikono chini ya meza, akafumba macho, uso ukamwiva kama aliyeulizwa umri kanisani, akasema, "Si... lazima."

Dom alikila kwa kutimiza wajibu, akaenda kulala kwenye kochi, akaomba mazoezi yaahirishwe. Na kwa kweli hayakuendelea tena. Jemadari wetu alikwenda vitani akiwa hajashinda hata keki.

Alhamisi ilipopambazuka alivaa sweta la buluu lenye vifungo vya fedha, alilokuwa akilivaa siku za mikutano ya wazazi wagumu. Akaoka vipande vya limau, akavipanga katika kopo la bati, kwa kuwa kwao haendi mtu kuomba jambo akiwa mikono mitupu. Namba aliyopewa ilikuwa mia na kumi na mbili. Alingoja saa tatu. Katika saa hizo alitunga maombi mazuri sana, yenye utangulizi, yenye kuulizia afya ya mlinzi wa mihuri na watu wa nyumbani kwake, yenye kuisifu hali ya hewa, na ambayo yaligusia faili mwishoni kabisa, kana kwamba limemjia ghafla.

Namba ikaitwa. Akasimama mbele ya kaunta, na maombi yote yakamtoka kichwani. Akabaki na kopo. Akalisogeza mbele.

"Haturuhusiwi kupokea," akasema Yolanda.

Marlys aliipokea kauli hiyo kwa utulivu, maana ya kwanza haihesabiwi. "Kimoja tu."

"Hapana, mama."

"Ni vidogo."

"Mama! Nimesema hapana. Tena nina sukari."

Marlys akashangaa. Alikuwa amemwona, kwa macho yake mawili, mtu akisema hapana tangu mara ya kwanza na kumaanisha hapana, na dari ya ofisi haikuanguka, na huyo mtu hakuwa mwovu, na wala hakuona haya. Alikuwa ana sukari tu. Marlys akafunika kopo polepole, huku jambo likianza kumwelea.

"Haya, shida nini?"

"Faili langu lile. Liko kwenye cha kijani."

Yolanda akavaa miwani, akamtambua. "Si wewe uliyesema nisijisumbue?"

"Ndimi niliyesema."

"Sasa unataka nijisumbue?"

Enyi wasomaji, hapa kalamu yangu yatetemeka. Swali lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekwisha kuulizwa. Ndani ya kifua cha Marlys walisimama safu kwa safu wazee wake wote. Alikuwepo Orville na kofia yake ya trekta, alikuwepo Torsten, alikuwepo na nyanya Gudrun, ambaye alikaa siku mbili na mguu uliovunjika kwa kutotaka kumtoa daktari kwenye chakula chake. Wote kwa sauti moja wakamwambia, sema hapana, mwanetu, sema kuna wenye shida kuliko wewe. Na mbele ya jeshi hilo lote alisimama mtu mmoja tu, mfupi, mwenye viatu vya taa, kiganja juu ya kadi. Marlys aliwaza Jumanne ikifika, na Noelia akiingia na kumkuta mtu mwingine, kisha akienda tena kuutazama ule ukuta, safari hii bila mtu wa kuinama.

"Mama, mjibu basi," akasema bwana mmoja nyuma yake, mwenye bilauri ya karatasi ya kahawa. "Mimi gari nimeegesha pabaya."

"Ndiyo," akasema Marlys.

"Sijasikia," akasema Yolanda, na ni kweli hakusikia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Marlys Thorvik, ambaye hakuwahi kupaza sauti tangu alipozaliwa, aliupiga mkono wake juu ya kaunta mpaka yule bwana akashtuka na kahawa ikamruka kwenye mkono wa shati. "Ndiyo!" akasema. "Jisumbue! Nalitaka, na nalitaka leo!"

Mlinzi wa mlangoni akasogea hatua moja, akaona ni mama wa sweta, akarudi. Yolanda Ferrante akazamisha mkono ndani ya kikapu cha kijani mpaka kiwiko, akapekua, akalitoa faili, akaligonga muhuri, akalipitisha mbele ya macho ya Marlys na kulitia kikapu chekundu. Kisha akalitoa humohumo, kwa kuwa ndani ya kikapu chekundu hapakuwa na faili jingine, akaanza kulishughulikia.

"Kumbe kuongea unaweza," akasema huku anaandika. "Ungesema hivyo Jumanne, saa hizi ungekuwa kwako umekunja miguu. Mimi nauliza kwa sababu nataka kujua, mama. Ningekuwa sitaki, nisingeuliza."

Neno hilo Marlys alilitunza, na bado analo.

"Nikutumie kwa posta, au utaichukua mkononi?"

"Mkononi," akajibu Marlys kabla mwenzake hajafunga kinywa, na wote wawili wakashangaa.

Saa nane na dakika kumi mchana leseni ilitoka kwenye mashine, ingali na joto. Marlys aliipokea kwa mikono miwili. Akamgeukia yule bwana mwenye shati lililochafuka, akamwomba radhi kwa unyonge wa kwao, akamfunulia kopo la limau. Bwana yule akachukua vitatu kwa mpigo, mara ya kwanza kukaribishwa, akaenda zake anatafuna. Marlys akamtazama mpaka mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakumwona mkosefu wa adabu. Alimwona ni mtu aliyependa limau.

Siku hiyohiyo, saa tisa kamili, karatasi ikawekwa juu ya meza ya Renee Costigan, siku nzima kabla ya wakati. Renee akaitazama, akasema, "Safi," akaendelea kutembea.

Lakini habari zilivuka majimbo matano na kurudi Nordahl, zikashuka ngazi hadi chumba cha kahawa chini ya kanisa la Kilutheri, ambako Bi Ardis Skogen alizipokea kwa simu mbele ya kina mama wote. Mazungumzo yalikuwa haya, nami nimeyapata kwa mtu aliyekuwepo.

"Alisema ndiyo?"

"Alisema."

"Mara ya kwanza?"

"Ya kwanza. Alirudia kwa kuwa hakusikika tu."

"Na inasemekana alipiga meza."

"Alipiga, Ardis."

Bi Ardis akaiweka simu chini. Katikati ya meza, juu ya sahani, palikuwa na robo ya robo ya kipande cha mwisho cha keki, imekaa pale tangu saa nne asubuhi. Ardis Skogen akaitazama kwa muda mrefu. Akanyosha mkono, akaila.

Naye Noelia Ocasio alikuja Jumanne, viatu vinawaka, amemwacha bibi yake mlangoni. Alitembea dawati kwa dawati, midomo inatafuta ile nnn, akalifikia lake, akakaa. Alipomwona Marlys amesimama mbele ya darasa na sweta lake la buluu, hakucheka wala hakushangilia. Aliuliza tu, "Na kesho utaku—"

"Ndiyo," akasema Marlys.

Hapa naiweka kalamu chini. Wino mweusi umebaki kidogo chupani, na anayeutaka aseme sasa hivi, maana mimi siulizi mara tatu.